Jumamosi tatu kwa mama mshauri wa Ilazo

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, na kwenye kazi yangu mdomo unafanya kazi sawa na mikono. Mume wangu ni Mgogo wa Mpwapwa, mtumishi wa serikali kule Mtumba. Anaweza kurudi jioni, akavua viatu, akala, akaangalia taarifa ya habari na kulala bila kutamka maneno kumi. Tuna miaka 11 ya ndoa.

Kilichotupeleka kwa mshauri wa ndoa ni habari ya mama yangu. Mwezi wa tatu nilimwambia Baba Doreen kwamba mama amebaki peke yake Korogwe, macho yanafifia, natamani aje tukae naye. Akajibu, "Sawa, nimesikia." Kesho yake kimya. Wiki nzima kimya. Nikajua hamtaki mama yangu. Nikanuna, chakula naweka mezani, natoka nje. Yeye akaona nimetulia, akadhani lile jambo halina haraka. Tukaenda hivyo mpaka mwezi wa sita.

Namba ya mshauri nilipewa na mteja wangu. Wifi aliposikia tunakwenda akashtuka: "Kwani mmefika baraza?" Simlaumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya mtu kwenda mahakamani kuomba talaka, kwa hiyo wengi wetu tukisikia watu wameketi mbele ya mtu wa tatu tunajua mizigo imeshafungwa. Hii ni huduma nyingine kabisa. Mnakaa chumba kimoja, wanandoa wa nyumba sita, Jumamosi tatu, shilingi 90,000 kwa mke na mume, chai imo. Na mama mshauri alisema mapema, kabla hata hatujaandika majina: kwenye vipigo, mafunzo yake hayafai, nenda Dawati la Jinsia polisi au ustawi wa jamii. Hapo nilimwamini.

Jumamosi ya kwanza tulijaza dodoso la haiba. Ni lile la Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliochukua mawazo ya daktari wa akili Carl Jung wa Uswisi wakayapanga kuwa aina 16 za watu, kila aina na herufi zake nne. Mimi nilitoka mtu wa nje, mwenye kupata nguvu akiwa na watu. Baba Doreen mtu wa ndani, nguvu zake zinarudi akiwa peke yake. Hilo limenisaidia, sikatai. Lakini maswali yalikuwa ya Kiingereza, na mama mmoja wa Nkuhungu alikaa nusu saa anatafsiriwa na mumewe, yule yule anayetakiwa asione majibu yake. Ada tumelipa kwa shilingi, maswali yaandikwe kwa Kiswahili. Halafu Jumamosi iliyofuata Baba Doreen alijaza tena, herufi moja ikabadilika. Mshauri mwenyewe alikiri kwamba hutokea sana, kwa sababu dodoso linakulazimisha uwe huku au kule wakati wengi wetu tuko katikati. Kwa hiyo usije ukabandika jina la aina yako ukutani.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyolipa fedha yetu yote. Mama mshauri aliweka mwiko katikati ya kila mke na mume, mwiko wa mti, wa kusongea ugali. Aliyeushika anasema, tena maneno machache. Asiyeushika, kudakia ni mwiko. Akimaliza mwenzako, unarudia alichosema mpaka akubali kwamba ndivyo, ndipo unapokea mwiko. Mkimya anaruhusiwa kusema "nipe mpaka kesho saa fulani," lakini saa aitaje, na ikifika ajibu.

Niliushika wa kwanza. Nikasema, "Ulikataa mama asije." Akarudia, taratibu: "Unasema nilikataa mama asije." Nikaitikia. Akachukua mwiko, akauzungusha mkononi, akakaa kimya muda mrefu hadi nikauma mdomo nisidakie. Kisha akafungua begi lake la kazini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Tofali 320 za inchi sita. Mabati nane. Mlango mmoja, mpana, "mama asijigonge." Tarehe juu ilikuwa ya mwezi wa tatu, siku mbili baada ya mimi kumwambia. Akasema, "Nilikuwa nahesabu. Nilitaka nikujibu nikiwa na chumba."

Nilishindwa kurudia alichosema. Mama mshauri hakunihimiza, alisogeza tu kikombe cha chai upande wangu.

Jumamosi ya tatu ilihusu fedha za nyumbani, nayo ilipita mbio. Tuliambiwa saa tatu asubuhi, tukaanza karibu saa tano, na ada ile ile. Hilo walirekebishe, hasa kwa sisi tunaofunga kazi Jumamosi, siku ya wateja wa kupima nguo. Na chumba kina feni moja. Kwa joto la Dodoma, keti karibu na dirisha.

Nyumbani tumepunguza masharti. Nikiwa na jambo zito namwambia asubuhi kabla hajapanda gari la Mtumba, naye ananijibu usiku. Mchana nakata vitambaa vyangu na simpigii simu ya "umefikiria?" Siku mbili za mwanzo niliumwa kichwa kwa kujizuia.

Mwiko tulipewa, tukaondoka nao. Umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Mama alifika mwezi wa kumi, na asubuhi yake ya kwanza akauchukua akorogee uji wa ulezi. Baba Doreen alinyanyuka kwenye kiti: "Mama, samahani, huo si wa uji." Akamtafutia mwingine.