Tathmini ya Huduma ya DNS ya 1.1.1.1: Je, ni Dawa ya Tovuti Zinazochelewa Kufunguka?

Kwa wiki kadhaa kompyuta yangu ya Linux, hapa Mombasa, ilikuwa ikinichosha: kila nilipofungua tovuti mpya, kivinjari kilikaa kimya takriban sekunde 5, kisha ukurasa wote ukatokea ghafla, picha zikiwemo. Intaneti dhaifu haifanyi hivyo. Hiyo huuleta ukurasa kipande kwa kipande. Kimya kinachofuatwa na kasi humfanya mtu aishuku DNS, mfumo unaotafuta anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) ya jina la tovuti.

Kwa amri ya dig niliziuliza, moja baada ya nyingine, seva mbili za DNS ambazo ruta ilipewa na mtoa huduma wangu. Ya pili ilijibu papo hapo, ilhali ya kwanza haikujibu kabisa. Hapo zile sekunde 5 zikaeleweka, kwani huo ndio muda ambao Linux kwa kawaida huisubiri seva ya kwanza kabla ya kuigeukia inayofuata.

Nilizifuta zote mbili, nikaweka 1.1.1.1 na 1.0.0.1, anwani za huduma ya bure ya DNS ambayo kampuni ya Cloudflare iliizindua tarehe 1 Aprili 2018 (siku ya wajinga, ingawa haukuwa mzaha). Kimya kikaisha. Hata hivyo, lazima nikiri kwamba kilichoniponya ni kuiondoa seva iliyokufa. Seva yoyote iliyo hai ingetosha. Sifa ya huduma hii yenyewe ni kwamba Cloudflare ina kituo hapa Mombasa, hivyo swali halisafiri mbali, na kwamba simu za Android kuanzia toleo la 9 zinaweza kuitumia kwa njia fiche (iliyosimbwa) kwa kuandika one.one.one.one kwenye mipangilio.

Kasoro yake ni kwamba, kwa ajili ya faragha, haizidokezei seva za tovuti mtandao anakotoka muulizaji, jambo ambalo 8.8.8.8, huduma ya DNS ya Google, hulifanya. Kwa hiyo tovuti inayotegemea dokezo hilo inaweza kukupeleka kwenye seva ya mbali, jina likapatikana upesi lakini video ikakwamakwama.

Anayehamia huko akumbuke pia IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za intaneti: ruta yangu iliendelea kuzitangaza seva za zamani kwa njia hiyo, na kimya kilirudi mpaka nilipoongeza 2606:4700:4700::1111, anwani ya IPv6 ya huduma hii.