Kadi ya Mizani au OKR: kipi kinaifaa nyumba ya wageni Lamu?

Mwenye nyumba ya wageni Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, akikaa kupanga mwaka, mara nyingi hutazama kitu kimoja: fedha zilizoingia. Fedha husimulia yaliyokwisha kupita. Ndiyo maana wataalamu wa usimamizi Robert Kaplan na David Norton, walipoitangaza mwaka 1992 Kadi ya Mizani (Balanced Scorecard), njia ya kupima biashara kwa zaidi ya fedha, waliongeza pande tatu: mteja, utendaji wa ndani, na kujifunza. Pande hizi hushikana. Mpishi akifundishwa, chakula hutoka kwa wakati, mgeni huridhika, hurudi na jamaa zake, fedha hufuata. Ukiuchora mnyororo huo kwenye karatasi moja, utaona unapolegea kabla mfuko haujatoboka. Kwa hilo naipenda sana kadi hii.

OKR (Objectives and Key Results, yaani malengo na matokeo makuu) ni nyepesi zaidi. Ilianzia kampuni ya Intel kwa kiongozi wake Andy Grove, na mwekezaji John Doerr akaipeleka Google mwaka 1999. Unaweka lengo moja na matokeo machache yanayopimika, kwa kawaida kwa miezi mitatu. Lamu, ambako mvua za Aprili hadi Juni hupunguza wageni, muda huo unafaa kweli: lengo ni kuvuka masika bila deni, tokeo ni vyumba vitatu kati ya sita kujaa kila wikiendi.

Ila OKR haitakuonyesha mpishi aliyechoka. Mwenye vyumba sita ningemshauri aanze na kadi, vipimo viwili kila upande, kisha OKR moja ya masika. Mwenye jahazi moja la kutembeza wageni, achukue OKR tu, kadi itamlemea.