Sanduku la mashine rahisi kutoka karakana ya chukudu, Ndosho: linafaa, ila mizani tafuta kwingine

Shule yetu hapa Goma ilialikwa kupeleka timu ya wanafunzi wanne katika shindano la sayansi la shule za mji, na mada waliyopewa ilikuwa mashine rahisi. Kila timu ilitakiwa kujenga mtambo wa kuinua mfuko wa kilo 10 hadi urefu wa meta 1 kwa kutumia nguvu ndogo iwezekanavyo, kisha kuwaeleza majaji kazi inayopotea njiani inakwenda wapi. Kwa ajili ya maandalizi nilinunua sanduku la vifaa kwa fundi seremala mmoja wa mtaa wa Ndosho, ambaye kazi yake ya kila siku ni kutengeneza chukudu, yaani baiskeli za mbao zisizo na pedali za kubebea mizigo. Walimu wenzangu kadhaa wameniuliza kama linafaa, nami nimeona ni haki niandike nilichokishuhudia kwa miezi miwili ya kulitumia.

Sanduku nililinunua kwa dola 45. Ndani yake mna ubao wa mkaratusi wenye urefu wa sentimeta 120, wenzo wa meta 1 uliotobolewa kila baada ya sentimeta 10, puli nne za mbao, winchi ya mkono, kabari mbili, bolti kubwa na nati yake, mizani ya springi na mifuko kumi ya changarawe ya kutumika kama mizigo. Kwa hiyo mashine zote 6 zinazofundishwa shuleni zimo: mwinamo (ubao), wenzo, puli, gurudumu na ekseli (winchi), kabari na skrubu (bolti). Wenzo hauna la kusemwa sana: umenyooka, matundu yake yamepimwa vizuri, na egemeo lake la chuma halijalegea hadi leo.

Mwinamo ndio ulionishawishi kwamba fundi huyu anakielewa anachokiuza. Ubao una vigingi vitatu vya kuuinulia, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kubadili kimo bila kutafuta matofali ya kuegesha. Tuliuweka kwenye kimo cha sentimeta 30, yaani robo ya urefu wake, tukavuta kigari chenye mzigo wa newtoni 20 (newtoni ni kipimo cha nguvu). Kwa hesabu ya daftari ingetosha nguvu ya newtoni 5, lakini mizani ilionyesha 7.5. Wanafunzi walitaka kuifuta namba hiyo wakidhani wamekosea kupima. Niliwakumbusha chukudu zinazosukumwa kupandishwa barabara ya Kibumba, na jinsi kijana anayesukuma anavyosumbuliwa na magurudumu yenyewe mbali na uzito wa viazi. Hapo wakaiandika 7.5 kwa wino, na pembeni yake neno msuguano. Inafaa kukumbuka kwamba Heron wa Aleksandria, mhandisi wa Kigiriki wa karne ya 1, alipoorodhesha mashine hizi alitaja 5 tu na mwinamo haukuwamo. Mtoto wa Goma, mji uliokaa chini ya volkano ya Nyiragongo, anaujua mwinamo kwa miguu yake kabla ya kuusoma.

Puli zilitusumbua mwanzoni. Tulizifunga zote nne kwa mpango wa kamba nne zinazobeba mzigo, tukatarajia newtoni 5 kwa mzigo uleule wa 20, tukapata 8, maana yake ufanisi wa karibu asilimia 62. Zilikuwa zinalia kila kamba inapovutwa. Msichana mmoja wa timu aliweka kidole kwenye msumari unaopita katikati ya puli, akakiondoa upesi, kisha akaniita: "Profesa, gusa hapa, pana joto." Nafikiri katika muda wote wa maandalizi hakuna somo lililowaingia kama lile, kwa sababu kazi waliyokuwa wakiitafuta kwenye hesabu ilikuwa pale chini ya kidole. Tulipozifungua tulikuta vumbi jeusi la volkano limeingia kwenye matundu, kama linavyoingia katika kila kitu mjini humu, na mbao imeanza kulika.

Nilizirudisha karakana siku iliyofuata nikiwa na timu nzima. Fundi hakubishana. Alitafuta kwenye kopo lake beringi nne ndogo, za aina anayoweka kwenye magurudumu ya chukudu, akapanua matundu na kuzipachika huku wanafunzi wakimshikia, wala hakudai nyongeza. Vipimo vya jioni hiyo vilishuka kutoka newtoni 8 hadi 6, na ufanisi ukapanda hadi asilimia 83. Ninamsifu kwa moyo wote kwa huduma hiyo, lakini ninasema pia kwamba beringi hizo zilipaswa kuwamo tangu mwanzo, na nimemwambia hivyo yeye mwenyewe.

Kasoro kubwa zaidi imo katika vipimo, na hili mwalimu anayeandaa timu asilipuuze. Kila mfuko wa changarawe umeandikwa kilo 1. Mawe yetu ya volkano yana vitundu vingi, mengine mepesi na mengine mazito, kwa hiyo kujaza mfuko kwa kopo, kama fundi alivyofanya, hakuwezi kutoa uzito sawa. Tulikwenda sokoni kwa mama mmoja muuza samaki wadogo wa sambaza, tukamwomba mizani yake kabla wateja hawajawa wengi. Mfuko wa kwanza ulikuwa na gramu 870, wa pili gramu 910. Mama yule aliucheka mfuko, kisha akamwambia mwanafunzi wangu: "Mama, usiamini maandishi, pima kwanza." Mizani ya springi nayo ina tatizo: ikining'inizwa bila kitu inaonyesha newtoni 1 badala ya sifuri, na chini ya newtoni 2 sindano yake hukwama. Tulijaribu kuondoa 1 katika kila kipimo, lakini kwa nguvu ndogo hilo halikusaidia, na mwishowe tukaazima mizani ya shule jirani. Shindano la namna hii huamuliwa na namba, hivyo kifaa kinachokosea newtoni 1 katika kipimo cha 6 hakistahili kuwekwa katika sanduku linalouzwa kwa wanafunzi.

Hata hivyo, winchi imenifanya niwe tayari kulinunua tena. Mkono wake una sentimeta 20 na nusu kipenyo cha ekseli yake ni sentimeta 2.5, hivyo peke yake inapunguza nguvu mara 8. Timu iliiunganisha na puli moja inayosogea, ikatarajia mara 16, na mizunguko 13 hivi ili mfuko upande meta 1. Walihesabu kwa sauti, wakafika juu kwenye mzunguko wa 11 na kidogo. Ilichukua siku mbili wagundue kwamba unene wa kamba unaongezea ekseli unene, hivyo kila mzunguko unavuta kamba ndefu kuliko walivyodhani, na faida halisi ni kama mara 14. Kwa mzigo wa newtoni 98, yaani ule mfuko wa kilo 10, ilibaki kuvuta newtoni 7 kwa hesabu, na 11 kwa kipimo. Siku ya shindano jaji aliuliza, kwa Kifaransa, kwa nini wasiongeze puli nyingi ili nguvu iwe karibu na sifuri. Mvulana mdogo kuliko wote katika timu alijibu kwamba mkono ungetembea mbali zaidi, na kila puli ingedai sehemu yake ya msuguano. Galileo aliandika jambo hilohilo mnamo mwaka 1600 hivi, kwamba mashine haiidanganyi asili, lakini mtoto yule alikuwa amelipata kwenye msumari uliopata joto. Walishika nafasi ya pili.

Nimewahi kutumia sanduku la plastiki lililotoka nje, la rangi nzuri na puli laini ajabu. Lilipovunjika kipande kimoja likabaki kabatini hadi leo. Hili la Ndosho limevunjika mara mbili na likatengenezwa mara mbili, mara ya pili na wanafunzi wenyewe.

Anayetaka kuagiza afike karakana wiki mbili kabla, kwa kuwa fundi hufanya kazi hii baada ya kumaliza chukudu za wateja. Adai beringi kwenye puli zote, achague kamba isiyovutika, akatae mizani ya springi na kuomba bei ipunguzwe kwa ajili yake. Mifuko ya changarawe aichukue ikiwa wazi, aijaze mbele ya mizani anayoiamini, kisha ndipo aishone.