Sato wa hotelini Mwanza: uagize yupi, na umpe alama vipi

Ukimuuliza mwenyeji wa Mwanza sato mzuri anapatikana wapi, atakutajia hoteli moja kwa uhakika kabisa, na jirani yake atakutajia nyingine kwa uhakika uleule. Mara nyingi wote wawili hawamzungumzii samaki. Mmoja anasifu upepo wa ziwa, mwingine pilipili. Tena mmoja alikula wa kuchoma, mwenzake wa kukaanga, halafu wanabishana kana kwamba walikula kitu kimoja. Hapo mama lishe anayejua kazi yake anapunjwa, na anayeuza samaki aliyelala kwenye barafu siku kadhaa anajaziwa wateja.

Mimi nusu ya alama nampa samaki mwenyewe, yaani ufreshi wake. Nusu nyingine wanagawana upishi, ugali na bei. Mandhari siyahesabu.

Sahani ikifika, usikamulie ndimu wala kugusa kachumbari. Nawa, kisha mega kipande kidogo nyuma ya kichwa, pale nyama ilipo nene, mpaka ufike kwenye mfupa. Sato freshi hutoka kwa mapande makubwa, meupe, yenye ukakamavu kidogo, na mfupa unabaki msafi. Aliyechoka hupondeka vidoleni kama uji. Aliyekaa sana kwenye friza anakuwa mkavu hata akiwa anaelea kwenye mchuzi. Halafu angalia ndani ya tumbo. Sato ana utando mweusi unaopaswa kukwanguliwa wakati wa kumsafisha, na ukiachwa unaleta uchungu. Jiko lililouacha, mimi nalipunguzia alama bila kusita, kwa sababu mpishi aliyeruka hatua hiyo ameruka na nyingine. Baada ya hapo ndipo ulete ndimu.

Sasa, uagize yupi? Namba moja kwangu ni mchemsho. Najua wengi watashangaa, maana ukikaa meza yoyote mjini utaona wa kukaanga ndiye anayetawala. Lakini kwenye mchemsho hakuna pa kujificha: maji, chumvi, kitunguu, nyanya, ndimu, labda hoho na ndizi mbili tatu. Samaki akiwa amechoka, harufu inakufikia kabla ya sahani kutua mezani. Akiwa wa leo, ile supu ina utamu ambao hakuna kiungo cha dukani kinachouweza. Hoteli inayothubutu kuuza mchemsho wa sato kila siku inajiamini kwa samaki wake, na kujiamini huko ndiko unakolipia.

Wa kuchoma anafuata kwa karibu. Hapa tazama michanjo ya ubavuni: lazima ifike karibu na mfupa ili chumvi, ndimu na kitunguu swaumu viingie, la sivyo utakula ngozi yenye viungo na nyama isiyo na ladha. Mkaa uwe umetulia. Moto ukiwa mkali, nje anaungua na ndani pale mgongoni damu bado ipo. Samaki wa kuchoma aliyetoka mbichi anataka subira, kwa hiyo usimnyime mchomaji alama kwa kukuweka. Wasiwasi uwe kwa samaki anayeletwa dakika tano baada ya kuagizwa.

Wa kukaanga nampa nafasi ya tatu, na ni kwa sababu ya mafuta. Akikaangwa mbele yako kwenye mafuta masafi, ni chakula cha heshima, ngozi inavunjika na nyama ina maji yake. Ila wengi wanaouzwa wamekaangwa asubuhi, wakapangwa kwenye kabati la kioo, wakarudishwa tena kwenye karai mteja alipokuja. Utawajua kwa ngozi ngumu na rangi ya kahawia iliyokolea, na ule uchungu unaobaki kooni. Muulize mhudumu kwa upole: “Dada, huyu anakaangwa sasa hivi?” Akisema ndiyo, mwombe umwone akiwa mbichi. Macho yawe angavu yaliyotokeza, mashavu mekundu, na ukibonyeza nyama irudi.

Wa foili na makange nimewaweka mwisho. Si vibaya, vina utamu wao, ila karoti, hoho na viungo vinaweza kumfunika samaki yeyote, kwa hiyo ukiwa mgeni wa hoteli usianzie hapo. Rudi kuvijaribu ukishaijua.

Sangara mshindanishe na sangara mwenzake. Ana mafuta mengi zaidi na nyama nene ya kukata vipande, na mtu anayempunguzia sato alama kwa sababu ya miiba anamwonea.

Kuhusu muda, linganisha hoteli mbili kwa saa ileile. Kwa kawaida samaki wa nyavu za usiku hufika mwaloni, yaani ufukweni wanakoshushwa samaki, alfajiri, hivyo wa mchana na wa saa tatu usiku hawako sawa hata wakitoka kwenye jiko moja. Bei nayo iulizwe kabla samaki hajapelekwa jikoni, ukiwa umemchagua mwenyewe, maana inakwenda na ukubwa. Lakini ukiletewa kasato kadogo kuliko kiganja, mkatae. Sheria hairuhusu kuvua sato aliye chini ya sentimita 25, na anayemnunua ndiye anayempa mvuvi sababu ya kumvua.

Ugali nauangalia kwa haraka: uwe wa moto, umeiva, usinate vidoleni. Wakiwa na wa udaga, yaani unga wa muhogo uliovundikwa, chukua huo, ule na mchemsho. Sembe nyeupe mwachie wa kukaanga.