Taji la Jino Nakuru: Huduma Nzuri, Rangi Iliyopotoka

Nilivishwa taji la kauri kwenye jino la mbele lililovunjika katika kliniki moja ya meno mjini Nakuru, na tathmini hii inahusu upimaji wa rangi pekee, kwa kuwa mengine yote, kuanzia ganzi hadi usafi wa vyombo, sina la kuyalalamikia. Rangi ilisomwa kwa spektrofotomita ya mkononi, ambayo humulika jino jirani kwa mwanga wake yenyewe, kisha hutaja msimbo ambao fundi wa maabara huufuata. Taji liliporudi lilikuwa jeupe kupita majirani wake, tena la rangi moja tupu, mfano wa kigae kipya kwenye ukuta wa zamani.

Kosa la kwanza lilikuwa la wakati. Kipimo kilichukuliwa baada ya jino kuchongwa, kinywa kikiwa kimekaa wazi kwa muda mrefu huku kimejazwa pamba. Na jino likikauka, hata kwa dakika chache, hewa huchukua nafasi ya maji katika enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, mwanga ukatawanyika zaidi, nalo likaonekana jeupe kuliko lilivyo. Rangi hupimwa kabla ya kazi yoyote kuanza.

La pili ndilo zito kwetu. Wengi tuliokulia Bonde la Ufa tulikunywa maji ya visima yenye floraidi nyingi, na meno yetu yana madoa ya kahawia na mabaka meupe kama chaki. Ncha ya kifaa, yenye upana wa milimita chache tu, ikitua juu ya baka, hulitangaza baka hilo kuwa ndilo jino zima, kisha programu huchagua kipande cha mfano kinachokaribiana nalo miongoni mwa 16 vya Vita Classical, seti ya vipande vya kulinganishia rangi za meno, yenye misimbo ya A1 hadi D4, ambavyo vyote havina madoa. Ncha ikiinama kidogo, mwanga nao huvujia pembeni na usomaji hubadilika.

Daktari alikubali kurudia bila kunitoza. Safari hii alipima asubuhi, jino likiwa na unyevu wake, akasoma shingoni mwa jino karibu na ufizi, katikati na ukingoni, mara tatu kila mahali, kisha akapiga picha huku kipande cha mfano kikiwa kando ya jino. Picha hizo, kwa maoni yangu, zilisaidia kuliko tarakimu.

Kliniki hiyo naipendekeza, mradi mgonjwa adai kupimwa mapema. Taji la pili lina doa dogo la kahawia upande wa kushoto, nililoliomba mwenyewe. Fundi alipiga simu mara mbili kuuliza kama nina hakika.