Sony 200-600 kwa wanaosubiri ndege kwenye maficho

Kama we ni mtu wa kukaa kwenye kibanda cha maficho ndani ya hifadhi masaa na masaa ukimsubiri mdiria atue kwenye kijiti kimoja tu, basi hii Sony FE 200-600 (yaani milimita 200 hadi 600) iliyotoka 2019 ndo lenzi ninayokushauri uanze nayo, na sababu yangu kubwa wala sio ukali wa picha, ni kwamba ukizumu hairefuki. Zumu nyingi za masafa haya ukizungusha zinachomoza mbele kama mkonga, hii vioo vyake vinatembea ndani kwa ndani, urefu unabaki ule ule sentimita kama 32. Ndege akishalizoea umbo lililotulia pale dirishani analipotezea kabisa, kinachomkimbiza ni kitu kusogea ghafla.

Halafu ringi ni laini mno, unasukuma kwa kidole tu ushatoka 200 kufika 600. Mdiria akianza kutikisa kichwa juu chini huku kayakodolea maji ujue anakaribia kuchupa, hapo unatakiwa uwe ushaweka shata ya sekunde 1/3200 hivi na kidole kiko tayari, huna muda wa kuhangaika na lenzi.

Swichi ya umbali wa kufokasi usiipuuze!! Ukiweka mita 10 kwenda mbele lenzi inaacha kuparamia manyasi yaliyo mbele ya kibanda. Ila vindege vidogo vikija karibu irudishe, maana inafokasi mpaka mita 2.4 na hapo unapata kila unyoya wa kifuani, raha tupu.

Shida yake ni mwanga. Ukiwa 600 tundu lake la mwanga linaishia f/6.3 (namba ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni mdogo), na alfajiri ndo ndege wako bize kweli, kwa hiyo ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, inapanda 6400 na zaidi, chenga zinaonekana, programu za kusafisha zinasaidia lakini unyoya mwembamba unapotea. Na jua likishakuwa kali mvuke wa joto juu ya maji unafanya ndege wa mbali aonekane kama kayeyuka, watu wanailaumu lenzi kumbe hata lenzi ya f/4 ingetoa hivyo hivyo, dawa ni kungoja ndege asogee karibu.

Uzito ni kilo 2.1 bila ule mguu wake wa kufungia kwenye tripodi, kwa kuzunguka nayo mkononi kutwa nzima mi siishauri, kwa kukaa haisumbui hata kidogo. Mguu wenyewe haungii moja kwa moja kwenye vichwa vya tripodi vya mtindo wa Arca-Swiss (vya kubana bamba), inabidi ufunge bamba chini, na ukishaifunga kwenye tripodi zima OSS, ile ya kutuliza mtikisiko. Kiongeza masafa cha 1.4x kinakubali na unafika 840 lakini unashuka hadi f/9, asubuhi na mapema kiache kwenye begi.