Picha ya kejeli ya Paris ambayo nimeinunua mara mbili

Nahudumia meza katika mkahawa hapa Paris, na huenda ndiyo sababu nilipendezwa na picha za kale zinazowacheka watu wa anasa wa mji huu. Ni picha za mwanzoni mwa karne ya 19: mabwana na mabibi wakila aisikrimu, wakinywa chai, wakicheza dansi, wakitembea bustanini ili waonekane. Wanunuzi hutafuta hasa mifululizo miwili. Le Bon Genre ulitolewa na Pierre de La Mésangère, padri wa zamani aliyewahi kufundisha falsafa kisha akawa mhariri wa jarida la mitindo. Mkusanyo wa mwaka 1827 una picha 115. Le Suprême Bon Ton uliuzwa na Martinet dukani kwake Rue du Coq, karibu na Louvre.

Mimi niliitaka Les Invisibles en tête-à-tête, yaani "wasioonekana" wakizungumza wawili wawili. Boneti za wanawake, yaani kofia zao, zimerefushwa mbele mpaka zikawa kama mabomba. Uso umemezwa wote, na anayetaka kusema na bibi lazima akiingize kichwa chake humo ndani. Watu wamevaa kusudi watazamwe, na hakuna hata mmoja anayeonekana!

Ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa euro 140. Muuzaji aliandika kuwa ni ya asili. Ilipofika ilikuwa safi mno, karatasi nyeupe, rangi imejaa sawasawa kila mahali, na hilo ndilo lililonitia shaka. Nilipitisha kidole pembeni nikakuta karatasi tambarare kabisa. Ilikuwa nakala ya karne ya 20, rangi zake zimepakwa kwa stensili. Fedha nilirudishiwa baada ya wiki tatu za kuandikiana, nauli ya posta ikanipotea. Niliumia, maana neno "asili" lina maana moja tu, na aliyeliandika alilijua.

Ya pili niliipata katika duka dogo la picha za kale, euro 180, ikiwa na doa la maji kwenye kona na ukingo mmoja uliokatwa karibu sana na maandishi. Mwenye duka alinionyesha kasoro hizo kabla sijauliza, akaniachia niiinue dhidi ya dirisha. Hapo ndipo nilipojifunza kuitazama. Mchoraji alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano, kisha tindikali ikala pale palipokwaruzwa. Wino ulijazwa katika mikwaruzo hiyo, na karatasi yenye unyevu ikabanwa juu ya bamba kwa nguvu ya mashine. Kwa hiyo bamba huacha bonde kuzunguka picha, na mistari ya wino huinuka kidogo, kidole kinaihisi. Kwenye mwanga karatasi yangu ilionyesha mistari ya wavu iliotengenezewa. Rangi ilipakwa kwa brashi, na kwenye gauni moja imeruka nje ya mstari. Mruko huo naupenda kuliko kitu chochote kwenye picha hii, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na haraka, ana rundo zima la kupaka rangi siku hiyo.

Maandishi yaliyo chini nayo si pambo. Sisi tuliokulia kwenye kanga tunalielewa jambo hili upesi: picha inavuta jicho, lakini neno la chini ndilo linalomfikia mlengwa.

Na walengwa walikuwepo. Mapinduzi ya 1789 yaliwaangusha makabaila, na wapishi kadhaa waliokuwa wakiwatumikia wakaishia kwenye mikahawa ya umma, mingi ikiwa katika jumba la Palais-Royal hapa Paris. Zikaja fedha mpya zisizo na mazoea ya zamani. Mwaka 1803 mwandishi Grimod de La Reynière akaanza kutoa vitabu vya kila mwaka vya kuwaelekeza walaji hao wapi pa kununua na namna ya kukaribisha wageni. Wachoraji wakachukua upande wa pili, wakawaonyesha jinsi wanavyoonekana. Jioni nikibeba sinia kati ya meza, namwona mtu anayepanga sahani kwa dakika tano apate kuipiga picha huku supu inapoa, na ninajua angechorwa vipi na mtu wa Martinet.

Kwa anayetaka kununua: anza na maktaba ya kidijitali ya Gallica, ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, utazame bila malipo, kisha ulinganishe na unachouziwa. Mwombe muuzaji picha ya upande wa nyuma na ya kingo zote nne. Akikataa, acha. Nakala ya kisasa si dhambi iwapo inauzwa kwa jina lake na bei yake. Ila kati ya nakala isiyo na doa na ya asili iliyochakaa, mimi nachukua iliyochakaa.

Yangu nimeitundika kwenye ukuta usiofikiwa na jua, kwani rangi ya maji hufifia, na nyuma yake nimeweka kadibodi isiyo na asidi. Kadibodi ya zamani ilikuwa imeshaanza kuiachia rangi ya kahawia pembeni.